Mkazo wa Maneno katika Nyimbo za Kwaya

Mwezi uliopita tulihudhuria tamasha la kwaya moja ya mtaa katika mji wa pwani ya Kenya. Kwaya hiyo si ya kanisa lolote: waimbaji wake ni walimu, mafundi cherehani, wachuuzi na wanafunzi, Waislamu na Wakristo pamoja. Kwanza waliimba mashairi yaliyotiwa sauti nne, kisha nyimbo za kienyeji. Sauti zao ni nzuri, wala hatuna la kulaumu hapo, ila besi walizidi kidogo. Neno letu ni juu ya maneno yenyewe, nalo lawahusu wote wafundishao watoto kuimba kwa Kiswahili.

Lililongojewa na wengi ni beti chache za utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Wasomaji wetu wajua ya kuwa ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza hupatana vina, na cha nne hushika kina kile kile toka mwanzo hata mwisho wa utendi. Tena lugha yetu huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Basi mwisho wa kipande mkazo huangukia mizani ya 7. Lakini kabla ya hapo waweza kuwa po pote.

Tutoe mfano wetu wenyewe, usiotoka katika utendi. "Mama yangu amekuja" ni mizani 8, na mkazo uko katika ya 1, ya 3 na ya 7. "Habari njema nasema" nayo ni mizani 8, lakini mkazo uko katika ya 2, ya 4 na ya 7. Aliyetia sauti katika beti hizi alichagua mwendo wa askari, pigo zito na pigo jepesi kwa zamu, wala hakuubadili. Kipande cha namna ya kwanza chakaa vizuri katika mwendo huo. Cha namna ya pili hutamkwa HA-ba-RI nje-MA, na msikiaji hupotewa na neno mpaka afike mizani ya 7. Ndivyo ilivyokuwa jioni ile. Wazee waliokuwa karibu nasi, ambao utendi huu waujua kwa moyo, waliulizana ni ubeti gani unaoimbwa.

Jambo hili si dogo. Mkazo ukihama, walakini iliyo sawa na "lakini" yageuka kuwa walakini iliyo kasoro, na barabara ya "sawasawa" yageuka njia ya magari. Nasi tuliokulia katika tenzi zilizofasiriwa kwa sauti za Kijerumani na Kiingereza tumeizoea kasoro hii hata hatuisikii tena. Ubeti wa kwanza hukaa, wa pili hupinda, nasi twaendelea na kinanda. Lakini tenzi zile zilipewa sauti ya wageni tangu mwanzo. Utendi una sauti yake. Msomaji wa utendi hurefusha silabi na kuzifupisha apendavyo, na sauti humngojea. Mtunzi angalifanya vema kukaa siku moja miguuni pa msomaji wa namna hiyo. Angaliona ya kuwa kigingi cha kipande ni mizani ya 7; pigo zito likifungwa hapo, sita zilizotangulia zaweza kwenda mbio au polepole kama maneno yatakavyo.

Kosa la pili ni kugeuza Kiamu kuwa Kiunguja ili watu waelewe. Nia ni njema. Lakini mato ya Kiamu hupatana kina na kito na mtoto. Yakiwa macho, kina kimekufa. Afadhali maneno magumu yangalielezwa kwa mdomo kabla ya kuimba.

Sehemu ya pili ilitufurahisha mno. Katika wimbo wa kutwanga, mwimbishaji mmoja aliachwa huru: aliongeza maneno, akachelewa, akawahi, na besi wakawa mchi, wakipiga chini yake bila kukosa. Hapo hakuna mkazo uliopotea, kwa kuwa aliyeshika maneno hakufungwa na hesabu ya wenziwe. Twashangaa kwamba kwaya ijuayo hivi haikulitumia jambo hilo katika utendi.

Waliimba pia wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, wa jamii ile iliyotoa asili ya sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963. Waliuimba kwa nguvu nyingi, na baadhi ya watu wakainuka wakasimama wima. Hatuwalaumu waliosimama. Lakini ubembelezi uimbwao hivyo hauwezi kumlaza mtoto, na sauti ya mama ndiyo tuliyokwenda kuisikia. Ubeti wa mwisho, uliobakiwa na wanawake watatu tu, ulikaribia.

Tumeambiwa kwamba kwaya yakusudia kuzipiga chapa nota za utendi zigawiwe mashuleni. Twaomba zisitolewe kabla ya kusomwa mbele ya wazee wa Lamu.