Ganda la Kokoa Linalopambana na Majipu: Mtazamo wa Kwanza

Wakulima wa Ipinda, Busale na Matema wilayani Kyela, mnapopasua tunda la kokoa na kutoa mbegu zenye utelezi kwenda kuvundikwa, lile ganda msilitupe kwanza! Nimeona kazi yake nyingine, na tangu siku hiyo sina habari nyingine ya kumpa mtu: ganda hilo linageuza fedha, hii hii ya pete na mikufu, kuwa chembe ndogo mno zinazoua bakteria wa ngozi.

Tuanze na utengenezaji wa chembe hizo, maana ni rahisi ajabu. Ganda hukaushwa, husagwa, huchemshwa kwenye maji, kisha huchujwa. Siku ile, pembeni kulikuwa na maji maangavu yaliyoyeyushiwa naitreti ya fedha, gramu 0.17 tu kwa lita nzima! Mchujo ukamiminwa humo. Mwanzoni ukaonekana umanjano hafifu. Halafu ukahawia ukaanza kujitokeza, ukatanda, ukakolea mpaka chombo kizima kikawa na rangi ya chai kavu. Hakukuongezwa kemikali nyingine yoyote. Polifenoli za ganda ndizo zinazoipa fedha elektroni na kuifanya metali, na viambata vya ganda hilo hilo huzivika chembe ili zisigandamane. Ukahawia ule ndio dalili kwamba chembe zimezaliwa.

Na si ndoto ya mtu mmoja. Mwaka 2004 watafiti wa India walichapisha kazi yao ya kutengeneza chembe za fedha kwa majani ya mwarobaini, mti ambao sisi tunauchemsha tangu enzi za bibi zetu. Mwaka 2016 wenzetu wa Nigeria, nchi ya kokoa kama Kyela, wakatumia ganda la kokoa lenyewe. Walipata chembe za nanomita 4 hadi 32, wakazijaribu kwa bakteria sugu, na wakaona zinazitia nguvu antibayotiki!

Kwa nini nimesisimka hivi? Kwa sababu ya Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda vya usaha, anayeishi kimya puani mwa karibu theluthi ya watu. Kwenye joto na unyevu wa bonde letu la Kyela, mchubuko mdogo wa shambani unatosha kumfungulia mlango. Aina zake nyingine zimeshazizoea dawa nyingi. Fedha humvamia kwa njia kadhaa kwa pamoja: hutoboa utando wake, hukwamisha protini zake, huvuruga DNA yake. Ukiweka tone lenye chembe hizo kwenye sahani iliyooteshwa bakteria, kesho yake unakuta duara safi, pembeni yake bakteria wamejaa tele. Hospitali zenyewe zimetumia krimu ya fedha kwa majeraha ya moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Ila sahani ya maabara si ngozi ya mtu. Lazima ijulikane kipimo salama, na krimu yenyewe ipimwe kwa wagonjwa. Msijaribu nyumbani! Naitreti ya fedha huunguza na kutia ngozi madoa meusi, na fedha ikimezwa kwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi kuwa ya kijivu moja kwa moja. Mwenye jipu leo aende zahanati.

Hukumu yangu? Alama zote kwa wazo, na kazi ianze mara moja! Wataalamu tunao. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji la teknolojia ya nano. Malighafi nayo tunayo, maana sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka Kyela. Vyama vya ushirika vya kokoa, pigieni simu vyuo vyetu msimu huu, mpeleke magunia ya maganda makavu. Krimu ya bonde letu inawezekana, na ningependa kuwa wa kwanza kuiandikia habari yake!