Upande wa Pili wa Santuri

Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Mimi nasema ya kale nayo yapimwe, kwa maana mengine ni shaba tu. Kwa kipimo hicho nataka kukihukumu kinanda cha santuri nilichokipata kwa mzee mwenzangu, mpenzi wa muziki wa dansi hapa Mitundu. Nilimpa debe la asali. Naye akanipa kinanda, santuri kumi na tisa za mizunguko 45 kwa dakika, na sharti moja: nisipige upande wa kwanza nikauacha wa pili.

Nianze na kasoro. Spika yake ni moja, nayo imo ndani ya kifuniko. Besi husikika kwa kubahatisha. Betri zikichoka mwendo hupungua na sauti hushuka, kijana akaimba kama babu yake. Sindano iliyolika nayo huila santuri. Anayedai kwamba chombo hiki hutoa sauti safi kuliko vyombo vya leo anadanganywa na mapenzi yake.

Lakini lile sharti lina hekima. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, hivyo nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Wanamuziki wetu hawakuuonea haya mkato huo, waliutumia. Upande wa kwanza mwimbaji hueleza kisa chake kwa utulivu. Upande wa pili maneno hupungua, magitaa na tarumbeta huchemka. Tena mduara wa nje wa santuri hupita chini ya sindano kwa kasi kuliko wa ndani, na sauti hapo huwa safi zaidi. Kwa hiyo chemko lilianzia mahali pazuri kuliko pote.

Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, hadi ajali ya gari ilipomchukua Januari 1979. Gitaa lake si pambo la wimbo. Humjibu mwimbaji, humbishia, na mwisho humfariji. Aliyesikia magitaa bila kisa hajui yanafariji nini. Aliyesikia kisa bila magitaa amebaki na msiba usio na matanga.

Leo nyimbo hizo zimo katika simu za vijana wetu, na nyingi nilizozisikia humo ni nusu: ama maneno, ama chemko. Siilaumu simu, inabeba ilichopewa. Walakini nusu iliyoachwa haipatikani kwa urahisi. Santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, kuzipata kukawa kazi. Zilizosalia zimechunika kwa sindano mbovu. Santuri moja ikivunjika leo, huenda wilaya nzima imepoteza upande wa pili wa wimbo.

Basi natoa alama kama nilivyozoea. Kwa usafi wa sauti, kinanda hiki kinapata arobaini kwa mia, nami sina huruma. Kwa kufundisha kusikiliza, tisini. Kinamlazimisha mtu mzima ainuke kitini, aigeuze santuri kwa mikono miwili, na katika kimya hicho kifupi ajiulize ameambiwa nini kabla ya kuanza kucheza.