Mkono wa Buluu wa Jim Phillips: Picha Iliyochorwa Ikijua Itachapwa Wapi

Mwaka 1985, katika mji wa Santa Cruz, California, Jim Phillips alichora mkono uliokatwa. Ngozi yake ni ya buluu. Vidole vimejikunja kama vya mtu anayetapatapa, na katikati ya kiganja pamepasuka mdomo wenye meno na ulimi, unapiga kelele. Pale ulipokatwa, nyama nyekundu inaning'inia. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuuza magurudumu ya skeiti: chapa ya Speed Wheels ya kampuni ya NHS, ileile yenye mbao za Santa Cruz. Wachezaji wanauita Screaming Hand, na miaka 40 baadaye bado uko kwenye fulana, stika na chale za watu ambao wengine hawajawahi kukanyaga ubao wenye magurudumu.

Ukiuliza kwa nini umedumu, wengi watakujibu kwamba unatisha. Jibu hilo halinitoshi. Miaka ya 1980 ilijaa picha za kutisha chini ya mbao za skeiti. Kampuni ya Powell Peralta ilikuwa na mafuvu ya mchoraji Vernon Courtlandt Johnson, yaliyochorwa kwa ustadi mkubwa. Kampuni ya Zorlac ilikuwa na kazi za mchoraji Pushead. Mkono huu umezishinda nyingi kwa sababu ya ufundi: kila uamuzi ndani yake unaheshimu namna utakavyochapwa, na namna utakavyosuguliwa, kupunguzwa na kubandikwa.

Kwanza tuuangalie ubao wenyewe, maana hapo ndipo wachoraji wa fani hii hujifunzia. Ni tabaka saba za mbao nyembamba za mepo zilizogandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Wakati ule ulikuwa na upana wa takriban sentimita 25 na urefu wa kama 75. Juu hubandikwa karatasi ya msasa ili viatu visiteleze, kwa hiyo picha hukaa chini, upande unaotazama ardhi. Huko nako haipati uhuru: ekseli mbili za chuma zinafungwa kwa boliti, moja mbele na moja nyuma, na kila kilichochorwa chini yake kimepotea. Mchoraji anabaki na uwanja wa katikati, sehemu ile ile ambayo mchezaji huiburuza kwenye kingo za saruji na vyuma. Baadhi ya vijana walikuwa wakifunga fito mbili za plastiki chini ya ubao, ziwasaidie kuteleza na kuilinda picha. Hata hivyo, mchoraji alijua tangu mwanzo kwamba kazi yake itachubuka.

Katika hali hiyo, picha yenye maelezo madogo madogo hufa haraka. Inayoishi ni ile ambayo hata ikikwaruzwa nusu, jicho bado linaijaza.

Kisha kuna uchapaji. Mbao zilichapwa kwa skrini, njia ambayo kila mchapa fulana wa Kariakoo au River Road anaijua mikononi mwake: kitambaa chenye vitundu vidogo kimewambwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zimezibwa, wino unasukumwa kwa ubapa wa mpira. Kila rangi ina skrini yake. Rangi tano ni skrini tano, na ubao uleule hupita mara tano, ukikaa mahali palepale kila mara. Fulana angalau hulala bapa. Ubao wa skeiti umebonyea katikati na umepinda mkiani, kwa hiyo skrini lazima ifuate mkunjo wake, na rangi kusogea kidogo ni jambo la kawaida.

Hapa ndipo mstari mweusi mnene wa Phillips unapofanya kazi ambayo mtazamaji haioni. Buluu ya ngozi na nyekundu ya mdomo hazigusani wazi. Baina yake unapita wino mweusi. Rangi mbili zikisogea milimita moja, kosa linafichwa chini ya mweusi huo. Mstari wenyewe hauna unene mmoja: unanenepa kwenye vifundo vya vidole, unakonda kwenye mikunjo ya kiganja, na ndiyo maana mkono unaonekana una uzito na misuli. Kivuli pia kimewekwa kwa mistari mifupi myeusi inayochongoka, bila kuongeza rangi nyingine ya kufifiza. Kwa lugha ya karakana, ameokoa skrini. Kwa lugha ya macho, ameifanya picha isomeke hata ikichapwa kwa mweusi peke yake.

Jambo hilo la mwisho lilikuwa na faida kubwa. Matangazo ya Santa Cruz yalitoka katika jarida la Thrasher, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1981, ambalo miaka yake ya mwanzo lilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, karatasi inayonyonya wino na kuziba mistari iliyobanana. Na gurudumu lenyewe? Lilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 60, na katikati beringi ya milimita 22 imeshachukua nafasi yake. Pete inayobaki kwa nembo ni nyembamba kuliko kidole gumba.

Ujaribu mkono huu kwa kuufunika wote kwa rangi moja, ubaki kivuli tu. Vidole vitano, kifundo, nyama inayoning'inia: bado utautambua. Mafuvu mengi ya enzi ile hayapiti jaribio hilo, kwa sababu uhai wake uko ndani, kwenye vivuli na nyufa za mifupa.

Rangi ya buluu naihesabu kuwa uamuzi bora kuliko yote. Inaufanya mdomo mwekundu uruke mbele bila msaada wowote. Pia inauondoa mkono kwa mtu yeyote: hauna kabila wala rangi ya ngozi ya binadamu, na kijana wa Tokyo au wa Kitintale, Kampala, ambako vijana walijenga uwanja wao wa skeiti mwaka 2006, anaweza kuuchukua kuwa wake.

Phillips hakufika hapo kwa bahati. Alizaliwa mwaka 1944, akakulia kwenye mawimbi ya pwani ya Santa Cruz, na alikuwa kijana tu wakati jarida la Surfer lilipochapa katuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. NHS ilianzishwa mwaka 1973, naye akaanza kuichorea katikati ya muongo huo. Alipouchora mkono alikuwa na miaka kama kumi ya kuona kazi zake zikirudi kutoka kiwandani zikiwa nzuri au zimeharibika. Mfululizo wake wa mbao za mchezaji Rob Roskopp unaonyesha akili hiyohiyo: shabaha ya duara katikati ya ubao, na jitu linalotoka ndani yake kidogo kidogo, kila ubao mpya likijitokeza zaidi. Duara limekaa palepale ekseli zinapoacha nafasi. Tena mteja akivunja ubao mmoja ana sababu ya kutaka unaofuata.

Ukitaka jamaa wa Phillips aliye karibu nasi, mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile hung'aa na kukauka bapa, na mtindo mzima umejengwa juu ya tabia hiyo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vingi vya skeiti vilihamia kwenye picha zinazochapwa kwanza kwenye utando wa plastiki, kisha kubandikwa kwenye ubao kwa joto na mgandamizo. Sasa hata fotografia yenye maelfu ya rangi inakaa chini ya ubao. Naona kazi nyingi za siku hizi zimelegea kwa sababu hiyo: mchoraji amepewa kila kitu, naye anaweka kila kitu. Mkono wa buluu umevuka teknolojia zote mbili.

Kwa hiyo, mchoraji wa kujitegemea unayesoma hapa, mteja akikuletea kazi ya kofia, chupa, gari au ubao, usimalize mazungumzo kwenye bei na tarehe. Omba kukishika kitu chenyewe. Muulize mchapaji ana skrini ngapi, na sehemu gani itaanza kuchubuka. Ukishajua hayo, ndipo uchore.