Fumbo la Hesabu na Haki ya Msomaji

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na hapo swali la hesabu lililotungwa kwa maneno huitwa fumbo. Jina hili lastahili kuhakikiwa, kwani ni mali ya kale ya washairi. Mshairi afumbapo, kama alivyofumba Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), ana ruhusa ya kumficha maana asiyehusika. Fumbo la hesabu lina sheria nyingine: huficha kitu kimoja tu, nacho ni idadi inayotafutwa. Likificha zaidi ya hapo, lamdhulumu msomaji.

Na itazamwe mifano miwili ya kubuni kuhusu michanganyiko. Wa kwanza: "Mfanyabiashara alichanganya mchele wa shilingi 120 na mchele wa shilingi 180, akapata kilo 30 za mchele wa shilingi 160. Alitumia kilo ngapi za kila aina?" Neno "wa" limetwishwa mzigo usiolifaa: halisemi kama shilingi hizo ni bei ya kilo moja au ya mchele wote. Yakiongezwa maneno "kwa kilo", utata watoweka. Kilo za mchele wa bei ndogo zikiitwa x, za aina ya pili ni 30 − x, na mlinganyo ni 120x + 180(30 − x) = 160 × 30. Jibu ni kilo 10 na kilo 20. Uwiano wathibitisha: 160 imeizidi 120 kwa 40, na imepungua 180 kwa 20. Kwa kuwa aina iliyo mbali zaidi na bei ya mchanganyiko ndiyo itumikayo kidogo, uwiano ni 20 kwa 40, yaani 1 kwa 2.

Mfano wa pili ni mfupi, na hatari yake ni kubwa zaidi: "Maji na maziwa yamechanganywa 1 kwa 4. Katika lita 20, maji ni lita ngapi?" Aelewaye sehemu 1 ya maji kwa kila sehemu 4 za maziwa hupata lita 4. Aelewaye sehemu 1 katika kila sehemu 4 za mchanganyiko hupata lita 5. Neno "uwiano" lingetajwa, mazoea ya wanahisabati yangeamua kwa lita 4; lakini halikutajwa. Wote wawili wamekokotoa sawasawa, ila mmoja atatiwa alama ya kosa kwa kosa la mtungaji.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kuyaondoa maneno na kubakiza tarakimu. La hasha! Kuuzaa mlinganyo kutokana na usemi wa watu ndiyo maarifa yenyewe yanayopimwa. Linalodaiwa kwa mtungaji ni kwamba, kabla ya kuuliza kama mwanafunzi ajua hesabu, aisome sentensi yake mwenyewe na kuhakikisha kuwa ina maana moja.