Wiki nne hazioni mwani ukivunwa

Mnaofuatilia tafiti za wanafunzi hapa Unguja mnaijua ratiba ya School for International Training, shule ya Marekani inayoleta wanafunzi wa vyuo hapa. Muhula mzima wa ikolojia ya pwani unaendeshwa kutoka Mji Mkongwe, kisha takriban wiki nne za mwisho, Novemba au Aprili, kila mwanafunzi anatoka na swali lake kwenda Jambiani, Paje, Kizimkazi au Jozani, anarudi kuwasilisha na kuandika ripoti. Masomo ya Kiswahili, wasimamizi wa hapa hapa, ukaguzi wa maadili kabla ya kwenda vijijini: hayo yamekaa vizuri, sina neno. Neno langu ni hizo wiki nne. Kwa mwanafunzi anayehesabu samaki kwenye mwamba huenda zikatosha. Kwa anayetaka kujua teknolojia fulani imewafanya nini watu, kuulundika utafiti wote mwishoni kwa kufuata kalenda ya vyuo vya Marekani ni uamuzi mbovu, na msimamizi awe hodari namna gani hawezi kuufidia.

Tuuchukue mwani, swali lisilowaisha hamu wanafunzi hawa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kwa kamba na vigingi, kwa soko la karajini, ute unaotolewa kwenye mwani, lililoko ng'ambo. Hiyo ni teknolojia kamili, iliyoingia mahali ambapo wanawake walikuwa wakiokota chaza na kusuka kamba za usumba, ikawapa fedha za mkononi mwao wenyewe. Kuuliza imebadilisha nini ndani ya nyumba ni swali zuri mno. Sasa tazama linavyopimwa. Tangu mche ufungwe kwenye kamba hadi uvunwe zinapita kama wiki sita, na hapo bado kuanika, kufunga magunia na kungoja mnunuzi. Mwanafunzi mwenye wiki nne hawezi kuuona mwani mmoja tangu kufungwa hadi kuuzwa, hata akifika siku ya kwanza akiwa na ndoo mkononi. Na wiki nne zenyewe si nne. Mashamba ya kina kifupi yanafanyiwa kazi wakati wa bamvu, maji yanapotoka sana. Yakiwa maji mafu mkulima yuko nyumbani na shughuli nyingine. Bamvu ni mbili kwa mwezi. Toa siku za kutafuta nyumba na kujitambulisha kwa sheha, toa siku za mwisho za kuandika, na mara nyingi inabaki bamvu moja iliyotazamwa sawasawa. Juu ya bamvu hiyo moja inajengwa kauli kuhusu maisha ya wanawake wa kijiji kizima.

Ubaya mwingine ni miezi yenyewe. Novemba ni vuli, Aprili ni masika. Mwaka hadi mwaka, tafiti hizi zinakutana na pwani yenye mvua, mwani ukigoma kukauka. Jua kali la kaskazi, kuanzia Desemba, linapopandisha joto la maji kwenye mashamba ya karibu na ufukwe, halimo kwenye wiki hizo. Wala kusi, miezi ya Juni hadi Septemba, pamoja na msimu wa watalii unaogombea ufukwe uleule. Na kaskazi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kisa. Kotoni, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya moto tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Mwanamke aliyepoteza kotoni anaweza kukusimulia hasara hiyo mwezi wa Aprili, lakini utasikia kumbukumbu yake tu. Uamuzi wenyewe, wa kung'oa vigingi au kuvumilia, wa kuanza sabuni ya mwani au kurudi kwenye chaza, ulifanyika wakati hakuna aliyekuwa na daftari.

Muda ukiwa mfupi hivyo, msimamizi anamwelekeza mwanafunzi kwenye dodoso, maana dodoso ndilo linaloingia katika wiki nne. Nimelalamikia madodoso kwenye safu hii na sitaacha. Ukimuuliza mama wa Jambiani kama mwani umemnufaisha, atakwambia ndiyo, kwa adabu na kwa kweli. Ni nani anashika fedha hizo akishazipokea, nani anazikopa asizirudishe, maumivu ya mgongo yanamtoa shambani baada ya miaka mingapi, mabinti zake wanautaka mwani au wanautaka mshahara wa hoteli: haya yanataka mtu arudi mara ya pili na ya tatu, hadi aliyeulizwa achoke kumfanya mgeni.

Waliotangulia walirudi. Tanja Winther kutoka Norway alifika Uroa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, umeme ukiwa bado mchanga kijijini. Karibu miaka kumi baadaye alirudi kijiji kilekile, safari hii kama mwanaanthropolojia, akakaa miezi mingi, na kitabu chake juu ya athari za umeme kikatoka mwaka 2008. Alichokiona hakingepatikana kwa haraka: umeme ulipokewa kwa taa na televisheni, lakini jiko likabaki kwenye kuni, na waliosajiliwa kuwa wateja walikuwa wanaume kwa wingi. Keto Mshigeni naye, aliyesoma Chuo Kikuu cha Hawaii alikofundisha Maxwell Doty, baba wa kilimo cha mwani cha Ufilipino, aliufuata mwani wa Tanzania kwa miaka mingi kabla shamba la kwanza la biashara halijafungwa kamba. Kiwango chetu kiwe hicho, hata kama mwanafunzi wa leo atafika nusu yake.

Nitajibiwa kwamba hawa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, wanajifunza kutafiti, hakuna anayewadai kitabu. Nakubali kwamba wanajifunza. Lakini mwanafunzi anajifunza kile anachofanyishwa, na hapa anafanyishwa kukata kauli kuhusu jamii kabla kazi ya jamii hiyo haijazunguka mara moja. Wengine watanikumbusha kwamba mwezi mmoja uliwahi kutosha: mchumi Alfredo Burlando alitumia giza la Mei na Juni 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima kwa takriban mwezi, akaonyesha kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito mdogo. Mfano huo unanisaidia mimi. Mwezi mmoja ulikuwa wa giza. Rekodi alizozitumia zilitangulia giza hilo na kuendelea hadi watoto wakazaliwa. Hoja yenye nguvu ni ya tatu: ripoti moja ni fupi, lakini zikikusanywa miaka ishirini ni hazina. Zingekuwa hazina kama kila anayekuja angepewa kamba zilezile, nyumba zilezile na maswali yaleyale ya aliyemtangulia. Kila mmoja akiachiwa kuchagua swali jipya, zinabaki picha nyingi za siku moja moja.

Tiba iko ndani ya muhula huohuo. Wanafunzi wako kisiwani kuanzia mwisho wa Januari katika muhula mmoja, na mwisho wa Agosti katika mwingine. Swali lichaguliwe wiki ya pili, na kila bamvu mwanafunzi awe shambani siku mbili, masomo yakiendelea. Ikifika Aprili atakuwa ameona mavuno na mkia wa kaskazi. Miezi ambayo hayupo, daftari lishikwe na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), jina lake likae kwenye ripoti kama mwandishi mwenza, si kama mkalimani. Na ripoti isiishie kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa Kiingereza. Kurasa mbili za Kiswahili zipelekwe kwa sheha na kwa wakulima, zisomwe kwa sauti mbele yao kabla ya alama kutolewa, na watakachokikosoa kiandikwe ndani ya ripoti.