Mabinti wa Selofehadi na Shamba Lisiloonekana

Likitajwa suala la kuamini urithi ulioahidiwa, wahakiki wetu humkimbilia Ibrahimu. Mimi naona mtihani mkali zaidi uko katika Hesabu 27, na wahusika wake ni wanawake watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao amefia jangwani bila mtoto wa kiume. Wanasimama mbele ya Musa, hadharani, kudai fungu la ardhi. Ardhi gani? Waisraeli hawajavuka hata Yordani! Nani agombee shamba asiloamini kwamba lipo? Msimulizi hasemi popote kwamba waliamini. Imani yao ameificha ndani ya hoja ya kisheria, na hapo fani yake imekomaa kweli.

Msomaji anayetoka Ulaya (ile ya Kilosa jamani, siyo ya ng'ambo) huenda akashangaa kwa nini mabinti waombe. Wasagara na Wavidunda, kama Waluguru, kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Lakini aende Bukoba. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa 1963 zilimwachia mwanamke atumie ardhi ya ukoo, asiiuze. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje, na ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kulidai. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Hofu ya ndugu yule ndiyo hofu ya wazee wa Manase katika Hesabu 36: hawa wakiolewa kabila jingine, ardhi itaondoka nao. Basi wanaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wanaolewa na wana wa ndugu za baba. Wapo wenzetu wanaokiita kisa hiki ushindi kamili wa mwanamke. Siafiki. Eti ushindi, na sura hiyo nzima hawatamki neno hata moja! Sura ya 27 walijisemea wenyewe. Sauti yao tunaisikia tena katika Yoshua 17, nchi ikigawanywa, wanapomwendea kuhani Eleazari na Yoshua kuwakumbusha kwamba bado wanadai.