Ile Oili ya Gerezani

Waliokuwa kwenye benchi la gereji bubu ile ya Gerezani Jumamosi iliyopita waliona kama nilivyoona. Toyota IST imefunguliwa boneti. Filta ya pamba yenye wavu wa aluminiamu imelazwa juu ya gazeti, bado inanuka petroli iliyooshewa. Fundi ananyanyua galoni yenye mabaki ya oili ya injini, 20W-50, anaimimina kwenye mikunjo kama mtu anayetia mchuzi kwenye wali. Akaigeuza, akamimina upande wa pili. Tone likaning'inia kwenye kona, likadondokea ndani ya kisanduku cha filta, wala hakulifuta. Dakika tano baadaye klipu zimebanwa, gari inaunguruma, bosi mwenye gari anatabasamu.

Sijaona uamuzi mbovu kama ule mwaka huu, na mwaka huu nimeona mengi. Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake: gari ile ilitakiwa kuwekwa filta ya karatasi, ya kawaida kabisa, na hadithi ingeishia hapo. Kazi nyingine za siku ile zilikuwa safi, mauntini, plagi na throto, sina neno nazo.

Turudi kwenye galoni. Pamba ya filta hizi imefumwa kwa uwazi, na ndiyo sababu inajisifu kwamba inapitisha hewa nyingi. Vumbi linanaswa na oili iliyopakwa juu ya nyuzi. Kwa hiyo oili pale ni nusu ya filta. K&N, Wamarekani wa California wanaotengeneza filta hizi tangu mwaka 1969, wanauza oili yao maalumu: inanata, na imetiwa rangi nyekundu ili jicho lione mahali ambapo haijafika. Unaipaka kidogo kidogo kwenye mikunjo, unaiacha kama dakika ishirini ienee yenyewe. Kabla ya hapo umeosha kwa dawa yake, umesuuza kwa maji ya taratibu kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, umeanika ikakauka bila kompresa. Fundi wetu aliosha kwa petroli, ambayo inakula mpira wa pembeni unaoziba kisanduku, akaipiga upepo wa kompresa hadi nyuzi zikaachana, ndipo akaja na ile 20W-50.

Oili ya injini hainati vile. Injini ikivuta hewa, inavuta na oili yenyewe. Na sentimita chache mbele ya filta ya IST imekaa sensa ya hewa: waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme, hewa ikipita unapoa, kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake, na kwa kipimo hicho inajua hewa ni kiasi gani na mafuta yawe kiasi gani. Ukiupaka oili, vumbi likagandia juu yake, umeuvika blanketi. Unapoa kidogo kuliko inavyostahili, kompyuta inadhani hewa ni chache, inapunguza mafuta.

Alhamisi taa ya injini ikawaka. Mashine ikachomekwa, ikatoa P0171, yaani hewa nyingi, mafuta machache. Nilikuwepo.

"Bosi, sensa imekufa. Tutafute used."

Sensa ilikuwa hai. Ilipulizwa dawa yake ya kusafishia, ikaachwa ikakauka, gari ikatulia. Ingenunuliwa hiyo ya mtumba, nayo ingekunywa oili ileile kutoka kwenye filta ileile.

Najua fundi alikoitoa tabia hii ya kumimina, na hapo kidogo namsamehe. Waliomfundisha mwalimu wake walilea Land Rover, zile 109 za serikali na za mashamba. Filta ya gari hizo ilikuwa bakuli la oili: hewa inashuka, inapiga juu ya oili, vumbi linazama chini likawa tope. Fundi alifungua bakuli, akakomba tope, akajaza oili ya injini hadi kwenye alama. Ilikuwa sahihi kabisa! Mbele yake kulikuwa na kabureta, ambayo haina waya wa kuvikwa blanketi. Wale wazee walijua kwa nini wanamimina. Huyu karithi mkono tu.

Kurithi mkono ndiko kulikotuletea pia ugonjwa ambao nimeuandika hadi wahariri wamenichoka: kupuliza filta ya karatasi. Karatasi iliyokwisha kushika vumbi kiasi inachuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lenyewe linaziba matundu makubwa. Wewe unaipeleka kwenye kompresa, unaondoa lile vumbi, unatoboa vitundu usivyoviona. Chembe zinazosaga ringi na silinda ni za mikroni 5 hadi 20 hivi, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Utauonaje mpasuko huo kwa kumulika na tochi ya simu?

Wenye filta za pamba watasema mchomoko. Tupige hesabu. Injini ya IST ile, 1NZ-FE, ina sisi 1,496. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, throto ikiwa wazi yote, inameza kama mita za ujazo moja na nusu za hewa kila dakika. Lakini nani anafungua throto yote Mtaa wa Msimbazi, mbele guta, nyuma daladala? Throto imefungwa karibu yote, na kinachozuia hewa ni hiyo throto. Karatasi haijafikia hata kuulizwa. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu mwaka 2009 magari ya injekta kwa filta zilizozibwa makusudi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote, kilichopungua ni kasi ya kuchomoka mguu ukizama. Basi hiyo pamba inakuokolea nini kwenye foleni, zaidi ya ule mlio?

Pamba ina mahali pake, kwenye gari ya mashindano yenye fundi wake anayeiosha kila inaporudi. Hata huko kinachohesabika ni matunzo. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi hapa kwetu, alichukua Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, pembeni yake Chris Rothwell. Ukizungumza na wazee walioziona gari zile, hawakusimulii vifaa. Wanasimulia jinsi zilivyotunzwa.

Ijumaa tulikwenda na mwenye IST kununua karatasi. Nilibeba ya zamani aliyokuwa ameitupa kwenye buti. Duka la kwanza, boksi zuri, jina zuri. Nikahesabu mikunjo ya zamani, nikahesabu ya mpya, mpya imepungua tisa. Kijana wa duka akacheka, "Mzee, unanunua filta au unahesabu kura?" Duka la pili mikunjo imetimia, ila mpira wa pembeni ukiubonyeza haurudi. La tatu ndiko tulikonunua, na nimemwambia mwenye gari aiache mle ndani ya kisanduku, asiifungue kila akisikia gari nzito.